Nilivyofukuzwa Jikoni kwa Heshima

Kabla sijawa mwanaume nilikuwa mtu wa maana sana. Nilikuwa na kigoda changu mwenyewe jikoni kwa Mama, upande ule ambao moshi haupendi kwenda, na kila jioni watazamaji wawili walikuwa wananisubiri: Mama na dada yangu mdogo. Mbuzi aliyefungwa pale kona alikuwa wa tatu, lakini yule hajawahi kuelewa kichekesho.

Sasa niko kidato cha tatu, shule ya bweni upande wa Embu, karibu na Kianjokoma, mahali ambapo baridi ya mashamba ya chai inaingia mpaka ndani ya soksi. Mwalimu wa zamu akipita dirishani anadhani naandika insha juu ya utunzaji wa misitu. Wacha adhani. Hapa wananijua kama yule kijana wa Meru anayeiga walimu. Hawajui kwamba kazi hii niliianza jikoni, na kwamba huko nilifutwa.

Kwetu ni Tigania, kati ya Kianjai na Muthara. Jikoni ni kijumba kilichojitenga na nyumba kubwa, kuta za mabanzi ambayo hayajawahi kukubaliana kusimama sawa, na mabati yamekuwa meusi ndani kama sufuria. Ukiingia na shati jeupe unatoka na harufu ya kuni mpaka Jumatatu. Mwalimu wangu wa darasa la sita alikuwa ananiuliza kama nalala kwenye tanuri la makaa. Nilikuwa nachukia harufu ile. Juzi, bwenini, mwenzangu mmoja alifungua sanduku lake akatoa sweta iliyotoka nyumbani kwao, ikanuka moshi, nikamwomba anikopeshe. Akafikiri nasikia baridi.

Mama anauza maharagwe na njahi, yale maharagwe meusi, sokoni Kianjai. Likizo ikifika nilikuwa nambebea gunia, halafu yeye akiuza mimi nakaa nyuma ya magunia nikiangalia watu. Hapo ndipo nilipogundua siri ambayo watu wazima wanafikiri watoto hawaioni: hakuna mtu ana uso mmoja. Mwenye bucha, mteja akiingia, sauti yake ilikuwa inalainika kama mafuta juu ya moto. "Karibu, mama yangu, hii imechinjwa leo, hata bado inashangaa." Mteja akishaondoka anageukia kijana wake wa kukata nyama, sura imeanguka kama pazia, "Wewe, fukuza hao nzi." Mtu yule yule, na apron yake ile ile. Nilikuwa naweza kukaa saa nzima nikingojea ile sekunde moja ambapo uso mmoja unatoka na mwingine bado haujafika. Katika sekunde hiyo mtu anakuwa hana mtu ndani.

Na wageni! Mgeni wa kwetu anakuja saa nane, anakaa, anauliza habari za ng'ombe, za mvua, za mtoto aliye Nairobi. Anaambiwa ale, anasema ameshiba, anabembelezwa, anakataa mara mbili kwa sababu kukubali mara ya kwanza ni aibu, halafu anamaliza sahani. Saa kumi anaaga. Anasindikizwa. Ni pale langoni, mkono uko tayari kwenye kufuli, ndipo anasema, "Kumbe nilikuwa nataka kusahau," na hapo ndipo jambo lililomleta linaanza. Dakika tano. Yale masaa mawili yalikuwa ya kuvaa nguo tu.

Hata Mama mwenyewe. Simu ikiita kutoka Nairobi, sauti yake ilikuwa inapanda ghorofani. "Haloo? Eee, ni mimi! Hatujambo saaana!" Na dakika moja kabla alikuwa anamwambia kuku maneno ambayo siwezi kuandika kwenye daftari la shule.

Hayo yote nilikuwa nayaleta jikoni jioni. Nilikuwa nasimama mlangoni, natoka nje, naingia tena nikiwa mwenye bucha. Natoka, naingia nikiwa mke wa mchungaji akipima kiti kwa macho kabla hajakikalia. Mama alikuwa hacheki mara moja. Kwanza mabega yanaanza kutikisika peke yake, mwiko unasimama ndani ya sufuria, halafu leso inakwenda mdomoni, na mwisho inatoka sauti nyembamba ya juu, kama mlango wa ghala ambao haujapakwa mafuta tangu uhuru.

"Wewe nyani!" alikuwa anasema akipangusa macho. "Utaniua na kazi sijamaliza. Ebu rudia pale pa kiti."

Nikirudia ananisahihisha. "Hapana. Haanzi na macho. Anaanza na mkoba. Mkoba kwanza unatafuta pa kukaa."

Na alikuwa amesema kweli, ulikuwa mkoba.

Sijui kama ninaeleza vizuri. Mama sokoni alikuwa mtu, kanisani mtu mwingine, mbele ya Baba mtu wa tatu anayeongea kidogo na kusimama wima. Lakini jikoni alikuwa amevua. Mimi pia. Tulikuwa wawili tumevua nyuso, tumeziweka pale karibu na kuni zikauke.

Halafu nikamaliza darasa la nane.

Kwetu mvulana akimaliza darasa la nane, likizo ile ndefu ya mwisho wa mwaka, anapelekwa jandoni. Siku hizi kisu ni cha daktari na kuna kadi ya kliniki, lakini yanayofuata bado ni ya wazee. Nilikaa wiki kadhaa kwenye chumba kilichojengwa kando ya shamba la migomba, chini ya ulinzi wa binamu yangu, ambaye alikuwa mlezi wangu wa jando. Binamu alikuwa mwendesha bodaboda wa miaka ishirini na moja, na siku zile za kawaida alikuwa mtu wa kucheka hovyo, lakini akishavuka mlango wa kile chumba anakuwa jaji wa mahakama kuu. Mimi nilimwangalia nikafikiri: huyu naye ni mwenye bucha, mteja ameingia.

"Mwiji amekwisha," aliniambia. Mwiji ni mvulana ambaye bado. "Sasa wewe ni muthaka. Muthaka habebi maji. Muthaka haitwi kwa kupigiwa makofi. Muthaka hali akitembea. Hukai kwa kitanda cha mama yako. Na jikoni kwa mama yako huingii."

"Leo?"

"Leo, kesho, mpaka ufe."

"Na nikisikia njaa?"

"Utakohoa."

"Nikohoe?"

"Ukifika karibu na nyumba unakohoa. Ukikohoa wanajua mwanaume amefika. Chakula kitakuja chenyewe."

Nikacheka. Nilifikiri ni kichekesho, na kilikuwa kizuri. Binamu hakucheka. Alinikalisha chini nikajifunza kukohoa. Naapa. Asubuhi nzima, vijana wawili wazima wamekaa kwenye majani ya migomba wakifundishana kikohozi. Kisiwe kirefu, utafikiriwa mgonjwa. Kisiwe chembamba, utafikiriwa mbuzi. Kitoke kifuani mara mbili, halafu unyamaze kama mtu mwenye shamba.

Nilipotoka, nyumbani walichinja, watu wakaja, nikavishwa suruali ndefu na koti la Baba ambalo mikono yake ilikuwa inanifikia kwenye kucha. Mama alikuja kunisalimia mbele ya wageni. Alininyooshea mkono. Mkono! Mama aliyekuwa ananiogesha kwenye karai.

"Muga, Baba," alisema, kwa salamu yetu ya Kimeru.

Aliniita Baba kwa sababu nilipewa jina la baba yake, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa pili wa kiume. Siku zote alikuwa na haki ya kuniita hivyo, lakini siku zote alikuwa anachagua nyani.

"Muga," nikasema kwa sauti niliyoikopa kwa binamu. Nilimtafuta machoni nione kama naye anaona mchezo. Macho yake yalikuwa kwenye vifungo vya koti.

Nilidhani ni kwa ajili ya wageni. Nikajiambia, wageni wakienda atavua.

Kosa langu lilikuja wiki ile ile. Mvua ilikuwa inapiga mabati asubuhi nzima. Nilikuwa natoka dukani, na njiani nilikuwa nimekutana na mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa anajaribu kuruka dimbwi bila kupoteza heshima: kwanza akatazama nyuma kama kuna mtu, akakunja suruali, akaomba Mungu, akaruka, akatua katikati, na aliponiona namtazama akabaki pale pale ndani ya maji akiuliza habari za masomo. Kichekesho kile kilikuwa kinanichoma tumboni. Nilifika nyumbani nikasikia Mama anaongea jikoni, na miguu yangu, ambayo haikuwa imehudhuria mafunzo ya binamu, ikaingia. Nikakaa kwenye kigoda. Nikafungua mdomo.

Jirani yetu alikuwa pale. Mama wa makamo, mwenyekiti wa kila kitu kinachohitaji mwenyekiti kanisani, ameshika kikombe cha chai katikati ya safari kati ya mapaja na mdomo. Kikombe kikasimama hewani. Mvua tu ndiyo iliendelea.

Nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekiona sokoni mara mia: ile sekunde moja. Uso wa Mama wa jikoni ulikuwa unatoka na mwingine ulikuwa haujafika. Lakini safari hii mimi ndiye niliyekuwa naungoja, na nikaogopa. Kwa sababu nilijua jirani angesema nini akitoka pale. Angesema yule mama analea mwanaume wa jikoni. Angesema kijana alipelekwa jandoni akarudi vile vile, ametolewa ngozi tu.

"Amekuja kuchukua moto," Mama akasema, haraka, bila kunitazama. "Kule kwake kumelala baridi."

"Aaa," jirani akasema. Kikombe kikaendelea na safari. "Moto ni lazima, na mvua hii."

Hakuna mtu alimwamini mtu. Lakini jirani alikuwa mtu mzima, alipewa mlango akapita. Mama alichukua kigae, akakokota kaa moja jekundu kutoka mafigani, akanipa kwa mikono miwili kama mtu anayempa mgeni zawadi. Nikatoka na lile kaa kwenye mvua. Nilijaribu kulikinga kwa koti. Halikufika hata kwenye kamba ya nguo. Lilipiga kelele, ssss, likafa. Nikaendelea kutembea nimebeba kaa jeusi kwa heshima zote, wima, kwa sababu nilijua mabanzi yana nafasi na jirani ana macho. Nilipofika kwenye chumba changu kipya cha pembeni nikakikalia kitanda nikatafuta kicheko. Kilikuwepo, lakini hakikuwa na mtu wa kukipelekea.

Kuanzia siku ile Mama akawa mwangalifu zaidi. Sio kwamba alinikasirikia. Ingekuwa heri. Mtu akikukasirikia bado anakujua. Mama alikuwa ananiheshimu. Alikuwa anapunguza sauti nikipita. Alikuwa anasema "kijana ameamka?" kama vile mimi ni mpangaji. Nguo zangu alikuwa anazifua anaziacha juu ya ua zimekunjwa vizuri sana, kama za marehemu. Na jikoni, nikiwa mbali, nilikuwa nasikia hata sufuria zinaongea taratibu.

Badala ya jikoni nilipewa kiti kando ya Baba, mbele ya nyumba kubwa. Hiki ndicho kiti ambacho wavulana wote wanakiota. Nikakikalia. Baba akatazama mbingu. Nami nikatazama.

"Mawingu," akasema Baba.

"Eee," nikasema.

Muda ukapita. Jogoo akapita.

"Ya upande ule."

"Ya upande ule," nikakubali.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya wanaume. Nimpe haki yake mzee: nadhani naye alikuwa hajui aseme nini. Miaka kumi na nne alikuwa ananiambia fanya hiki, acha kile. Sasa sheria imemwambia huyu ni mwenzako, na hakuna mtu alimfundisha kikohozi cha kuongea na mwenzako. Tulikaa pale kama watu wawili waliofika mapema kwenye mkutano ulioahirishwa.

Chakula kilikuwa kinakuja, kama binamu alivyoahidi. Nakohoa, na baada ya muda dada yangu anatokea na sahani iliyofunikwa. Alikuwa darasa la tatu, mdomo umezidi umri.

"Chakula chako, mheshimiwa. Kitu kingine? Nikulishe?"

"Weka hapo uende."

"Mama amesema uache sahani mlangoni, usiilambe."

"Mama hajasema hivyo."

"Hajasema. Ni mimi nimesema."

Nilikuwa namshika kidogo asiondoke. Namuuliza kana kwamba sijali, "Leo kumekuwa na nini huko?"

"Wapi?"

"Huko. Jikoni."

"Hakuna kitu. Tumepika."

"Mama amecheka?"

Alinitazama kama daktari. "Amecheka kwa nini? Nani amchekeshe?"

Usiku ule neno hilo lililala juu yangu. Nikaamua nitafanya kitu. Nitamtuma dada. Kama chakula kinaweza kutoka jikoni kije kwangu kwa mkono wa mtoto, basi kichekesho kinaweza kutoka kwangu kiende jikoni. Nikamfundisha kile cha mzee na dimbwi, hatua kwa hatua, pale uani: kwanza anatazama nyuma, halafu anakunja suruali, halafu anaomba. Usiseme ameanguka mpaka mwisho! Umeelewa? Ameelewa. Akakimbia. Nikajificha nyuma ya tangi la maji nisikilize.

"Mama! Kuna mzee ameanguka kwa maji!"

Mama akaacha sufuria akatoka mbio na leso mkononi. "Mzee gani? Wapi? Ameumia?"

Tulichukua muda mrefu kumtuliza. Yaani dada ndiye alimtuliza. Mimi nilikuwa nyuma ya tangi nikiwa muthaka. Kichekesho si githeri, huwezi kukifunika na sahani ukakituma. Kinamwagika njiani.

Siku za likizo zikabaki chache. Niliitwa shule ya bweni huku Embu, barua ilikuwa imekuja, sanduku la bati limenunuliwa, na mimi kichwani nilikuwa na hesabu moja tu: nikienda bila kusikia ule mlango wa ghala hata mara moja, basi nikirudi nitakuwa nimezoea, na Mama atakuwa amezoea, na tutakuwa watu wawili wanaosalimiana vizuri mpaka uzeeni. Kwetu wako wengi wa hivyo. Mtu na mama yake, heshima nyingi, kama ofisi.

Mchana mmoja, jua kali, Baba aliniambia nipasue gogo la mgrevilea lililokuwa limelala nyuma ya jikoni. Kupasua magogo ni kazi ya mwanaume, kwa hiyo niliruhusiwa kusimama pale, shoka mkononi, hatua moja kutoka kwenye ukuta wa mabanzi. Ndani nilisikia Mama anachambua maharagwe, mawe yanatoka, tik, tik. Alijua mimi niko nje. Nilijua anajua. Tukawa hivyo.

Mbwa wetu akaja akalala kivulini. Asubuhi ile tulikuwa tumetembelewa na mwalimu mstaafu mmoja ambaye alikuja kunipongeza kwa kuitwa shule, akatoa hotuba ndefu sana, na muda wote wa hotuba jino lake la bandia lilikuwa linataka kutoka kusalimia watu. Kila akifika kwenye neno "elimu" analirudisha kwa ulimi.

Sijui nani aliniambia nifanye. Niliegemea shoka nikamgeukia mbwa.

"Kijana," nikamwambia mbwa kwa sauti ya mwalimu, "elimmmu," nikarudisha jino, "elimmmu haina mwisho. Mimi nilipokuwa kama wewe nilikuwa natembea bila viatu. Naona hata wewe huna viatu. Vizuri sana. Utafika mbali."

Mbwa akatikisa mkia.

Ndani, mawe yakanyamaza. Tik, halafu hakuna tik.

"Tena usifuate wasichana," nikaendelea, jasho linanitoka ambalo sio la shoka. "Mimi nilimfuata mmoja tu, na ona," nikarudisha jino, "alinipiga hapa."

Nikafikiri nimeharibu, amekasirika, atatoka kwa mlango wa mbele aende zake. Halafu nikasikia kikohozi. Kikohozi kirefu, kinakuja kwa mawimbi, kimefinywa na kitambaa, na mwisho wake, pale juu kabisa, sauti nyembamba sana ya bawaba kavu.

"Moshi huu!" Mama akasema kwa nguvu, akiambia kuta. "Moshi huu utaniua!"

Nikachungulia juu ya paa. Hakukuwa na moshi. Moto ulikuwa haujawashwa tangu chai ya asubuhi.

Nilipasua lile gogo kama siagi. Kesho yake nikapasua lingine, ambalo Baba hakuniagiza. Kesho kutwa nikaanza kupasua vipande vilivyokwisha kupasuliwa. Kwa juma moja nyumba yetu ilikuwa na kuni nyembamba kuliko zote za Tigania. Ungeweza kuchokolea meno. Sikuwahi kumsemesha Mama. Nilikuwa nasema na mbwa. Mama hakuwahi kunicheka. Alikuwa na moshi. Hata binamu alipita na pikipiki siku moja akanikuta nimeshika shoka, akatikisa kichwa kwa kuridhika akaniambia, "Umekomaa." Nikakohoa mara mbili.

Siku moja kabla ya safari nilifika pale nyuma nikakuta moto kweli umewashwa, githeri inachemka, nasikia kifuniko kinacheza. Mbwa hakuwepo. Nikasimama sina mtu wa kuongea naye. Nikainua shoka.

Ndani, mtu akakohoa.

Sio cha moshi. Kilikuwa kikohozi kifupi cha kifuani, mara mbili, halafu kimya cha mtu mwenye shamba. Nikageuka nikifikiri Baba ameingia jikoni, jambo ambalo lingekuwa la kwanza katika historia.

"Wewe kuku," sauti ikasema, nzito, inavunjika katikati kama kijiti kibichi. Ilikuwa sauti yangu. "Wewe kuku, huoni mwanaume amepita? Nani amekupa ruhusa ya kutaga mbele yangu? Sahani yangu iko wapi? Leteni. Hapana, wekeni hapo. Hapana, leteni."

Kuku akajibu kitu.

"Usinijibu. Mimi nina koti."

Nikaketi kwenye gogo. Shoka likaanguka lenyewe. Aliendelea, na hakuacha kitu: jinsi ninavyosimama kabla ya kukohoa nikijikumbusha, jinsi ninavyouliza "huko, huko" nikiwa namaanisha jikoni, jinsi ninavyotembea nimebeba kaa lililokufa kama mtu anayepeleka barua kwa mfalme. Nilikuwa nimeiga watu wa soko zima na sijawahi kumwona huyu. Alikuwa mpumbavu sana, na alikuwa mpweke, na Mama alikuwa amemwangalia kila siku kupitia mabanzi bila kukosa hata kidole.

Niliuma mkono wa shati. Haikusaidia. Nilicheka mpaka nikateleza nikakaa chini kwenye vipande vya kuni, mgongo kwenye ukuta, na upande wa pili wa ukuta nikasikia mgongo mwingine unateleza unakaa chini, na ule mlango wa ghala ukafunguka wote, bila leso, bila moshi. Nadhani tulikaa hivyo muda mrefu. Ubao mmoja tu katikati yetu. Hakuna mtu alisema neno lolote ambalo angeweza kuulizwa baadaye.

Ni dada aliyetuokoa, akipiga kelele kutoka uani, "Mama! Kuna kitu kinaungua! Mama! Uko wapi?"

Jioni ile Baba na mimi tulikula mbele ya nyumba, viti viwili, mwanga wa jua ukiwa bado unagusa milima ya Nyambene. Baba alitafuna, akasita, akatazama ndani ya sahani yake. Githeri ilikuwa nyeusi upande mmoja, na ladha yake ilikuwa ya makaa.

"Chakula kimeungua," akasema.

"Eee."

Akatafuna tena, pole pole, kama mtu anayesoma. "Mama yenu leo alikuwa anafanya nini?"

Nikapeleka kijiko kingine mdomoni, kikubwa, nikakitafuna chote mpaka kikaisha.

"Sijui, Baba," nikasema. "Mimi siingiangi jikoni."